Barua ya wazi: Koodineta mpya hana makosa, makosa yako ofisini

Kwa Mkurugenzi, Mwenyekiti na Wanabodi wote wa shirika linalosimamia mpango wetu wa volantia wa ulinzi wa pwani.

Kutoka kwa volantia wa ufuoni, pwani ya kusini, Kwale.

KUH: KOODINETA MPYA NA MAMBO AMBAYO HAMKUMWAMBIA

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wale wengine hamjambo.

Hii barua hatukutaka ifike hapa. Tulianza na simu, simu ikawa haishikwi, tukatuma meseji, meseji zikasomwa bila jibu, tukaandika barua ya heshima yenye sahihi zetu tukaipeleka ofisini kwa mkono, mlinzi akaipokea akasema itafika, kisha kimya. Mwenzetu mmoja akapanda matatu akaja mwenyewe akaambiwa bosi yuko mitingi Nairobi arudi wiki ijayo, akarudi wiki ijayo akaambiwa yale yale. Kwa hivyo sasa tunaongea mbele ya watu. Mkitaka kukasirika kasirikeni tu, lakini naomba msome mpaka chini.

Mimi ni mama karanga. Jioni nakaanga samaki, asubuhi maji yakipwa niko ufuoni na wenzangu, tunaokota plastiki na kuzihesabu, tunakagua alama za kasa, tunaangalia miche ya mikoko kama imeshika. Hatulipwi, na kwenye barua hii hakuna mahali nimeomba mshahara. Nasema mapema kwa sababu najua yupo atakayesema hawa shida yao ni pesa.

Alafu niseme kuhusu koodineta mpya mwenyewe, maana nimesikia maneno yanazunguka ati volantia wanampiga vita. Si kweli. Dada yetu tumempokea vizuri, ana adabu, anasalimia wazee, anakaa chini kwenye mchanga anakula mahamri na mbaazi na sisi, akiambiwa kitu anaandika. Ugomvi naye hatuna. Ugomvi wetu ni na waliomleta. Aliyekuwepo kabla yake aliondoka, pakakaa kitambo hapana mtu, ndio akaja huyu, na hao wawili hawajawahi kuonana hata kwa chai. Alichokabidhiwa ni laptopu na karatasi ya malengo ya mwaka. Mmemsukuma mtu baharini na mtumbwi hauna kafi, hajaambiwa mwamba uko wapi, na kila Ijumaa mnampigia simu kumuuliza amefika wapi.

Haya, malalamiko yenyewe ni haya.

1. Makabidhiano hayakufanyika. Yule wa kwanza mambo mengi alikuwa nayo kichwani na kwenye simu yake. Nani anashika kipande gani cha ufuo, hoteli ipi ilikubali kuzima taa za mbele msimu wa kasa na meneja gani ndiye alikubali, wazee wa dema, ile mitego ya samaki, walikubaliana nini na sisi kuhusu kutofunga mitumbwi pale penye miche, askari wa wanyamapori wa kumpigia usiku ni yupi, shimo gani lina mayai na lilitiwa alama siku gani. Yote hayo yaliondoka naye kwenye begi. Mkabaki na ripoti zake za robo mwaka, ambazo zina picha nzuri kweli, lakini ripoti haikwambii kwamba yule meneja wa hoteli ukimpigia Jumatatu hakusikizi, mpaka umfuate mwenyewe jioni.

Dada wa watu akaanza upya kila kitu. Akaenda kwa wazee kujitambulisha akiwa peke yake, hana mwenyeji, hana barua. Nyinyi mnajua kwetu mgeni anapelekwa, hajipeleki. Wazee wakamsikiliza kwa heshima wakamwambia tutakuita, na hawajamwita mpaka leo.

2. Ofisi inafuata kalenda ya ukutani, bahari ina yake. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni jambo rahisi kurekebisha na ndio linaudhi kuliko yote. Karatasi ya malengo inasema usafi wa ufuo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Sasa mtoto yeyote wa hapa atakwambia, siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji kwetu yanapwa sana mida ya saa nne saa tano asubuhi, mwamba unaonekana, ufuo unakuwa mpana, hapo kazi inafanyika. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hizo maji ndio yamejaa, na hata yakitoka baadaye hayaendi mbali. Kwa hivyo Jumamosi ikiangukia maji mafu mnaleta watu na wanafunzi na magunia na tisheti, wanapanga mstari kwenye ukanda mwembamba wa mchanga wanaokota vifuniko vya soda, na takataka yenyewe iko chini ya maji na kwenye mizizi ya mikoko ambako hakufikiki. Jedwali la maji lipo, linauzwa, na kwenye simu lipo bure. Mwezi wenyewe uko juu kila usiku kwa anayetaka kutazama.

Na msimu pia. Kusi, ule upepo wa kusini, ikishaingia bahari inatupa majani mengi ufuoni, marundo kwa marundo. Koodineta aliambiwa na ofisi tuyazoe yote kwa sababu wageni wa hoteli wanalalamika harufu. Waheshimiwa, majani ya bahari sio takataka. Yanashika mchanga usiliwe na mawimbi, yana wadudu ambao ndege wanakula, na ukiyazoa kwa reki unabeba mchanga pamoja nayo. Kinachotakiwa ni kupitia rundo kwa mkono na kutoa ndara, kamba, chupa na nyavu zilizokatika, kazi ya polepole ambayo haipendezi kwenye picha. Tulimweleza dada akaelewa siku hiyo hiyo. Akaandika ofisini. Jibu alilopata ni kwamba magunia yamepungua kulinganisha na robo iliyopita, aeleze kwa nini.

3. Mikoko. Hili ndilo lililotufanya tuandike.

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, haipandwi wala haikatwi tu kwa sababu mtu ana mfadhili, kuna Huduma ya Misitu na kuna CFA yetu, chama cha jamii cha misitu, yenye makubaliano chini ya sheria ya misitu ya 2016. Mlijua hivyo au hamkujua, sielewi, lakini koodineta alikuja na idadi ya miche ya kupanda na tarehe ya kuipanda, 26 Julai, na eneo lilishachaguliwa kwenye ramani na mtu ambaye sidhani amewahi kutia mguu kwenye tope lile.

Nianze na tarehe. 26 Julai ni siku ya mikoko duniani, UNESCO waliipitisha 2015, ni siku nzuri na sisi tunaipenda. Lakini Julai kwetu ni kusi. Upande ulio wazi kwa bahari mawimbi yanapiga, mche uliochomekwa jana leo unaelea. Siku hiyo mngeweza kufanya hotuba, ngoma, mashindano ya shule, kusafisha vitalu, chochote, ila msituambie tupande mahali pale.

Sasa mahali penyewe. Pale hapajawahi kuwa na mikoko. Ni chini sana, maji yanakaa muda mrefu, na pamejaa majani ya bahari. Mche wa mkoko unahitaji kupumua maji yakitoka, ukiuweka mahali panapozama karibu siku nzima unakufa polepole, mwanzo majani yanakuwa ya manjano, kisha unabaki mti mkavu kama kiberiti. Na kabla haujafa mmeshakanyaga yale majani ya bahari ambayo ndimo wazee wanatega dema zao za samaki tafi. Mimi tafi ndio biashara yangu, nasema bila kuficha. Kasa naye chakula chake kiko pale pale. Kwa hivyo tungekuwa tumeharibu kitu kizima ili tupande kitu kisichoota, tupige picha, tuandike namba.

Kisha mlitaka aina moja tu, ule unaoitwa mkoko wenyewe, kwa sababu mbegu zake ni ndefu na rahisi kuchomeka, hata mgeni wa siku moja anaweza. Msitu hauko hivyo, una aina nyingi na kila moja ina mahali pake. Mlilana unakaa mbele ukitazama bahari, mkoko nyuma yake, muia na mkandaa ndani zaidi, mchu unavumilia chumvi kali kule juu ambako maji yanafika siku za bamvua tu. Ukichanganya hovyo unapoteza miche na jasho la watu. Mahali pengine hata kupanda si lazima, ni kufungua mkondo wa maji uliozibwa na mbegu zinakuja zenyewe.

Na mifano haiko mbali mseme mtaenda kujifunza ng'ambo. Gazi iko hapa hapa Kwale. Mikoko yao ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, majaribio ya kupanda yakaanza miaka ya 1990, kujaribu na kuharibika na kujaribu tena, na mwaka 2013 ndio mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza, wanalinda hekta 117, wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko inafyonza, na pesa inaingia kwenye maji na shule za kijiji. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakafuata. Hesabuni wenyewe miaka hapo katikati.  Gazi wanapanda na mivinje nchi kavu ili watu wapate nguzo na kuni bila kugusa mikoko, na hilo kwenye karatasi yenu ya malengo sikuliona.

Najua presha inatoka wapi. Serikali inataka miti bilioni 15 kufikia 2032, kila kampuni inataka kupanda, kila mfadhili anauliza mingapi. Lakini hakuna aliyeuliza mingapi iko hai mwaka mmoja baadaye, na hilo ndilo swali koodineta wenu alituuliza wiki yake ya kwanza. Kwa swali hilo tu nilimpenda. Sijui kama mlimwajiri kwa ajili hiyo.

4. Kasa. Kwa ufupi, kwa sababu nimechoka kulisema. Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili. Watoto wakitoka usiku wanafuata mwangaza wa bahari, ukiweka taa za hoteli au tochi nyeupe au simu ishirini zenye flashi wanageuka wanakwenda barabarani. Mmemwambia koodineta alete wageni wanaolipa waje kuangalia vitoto vikitoka. Sawa, pesa inahitajika, hatukatai. Lakini wageni wangapi, umbali gani, tochi ya rangi gani, nani anawazuia wakitaka kushika? Hakuna kilichoandikwa. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na siku mtu akipelekwa kituoni kwa kushika kasa hatakuwa mgeni wala mtu wa bodi, atakuwa kijana wetu aliyevaa tisheti yenye logo yenu.

5. Hesabu zetu zinakwenda wapi? Kila tukisafisha tunaandika, chupa ngapi, ndara ngapi, karatasi za biskuti ngapi na za kampuni gani. Jua kali, mkono umelowa chumvi, fomu inachanika, tunaandika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, kwenye fukwe na mbuga plastiki ya kutumia mara moja ikapigwa marufuku 2020, na sheria ya taka ya 2022 inasema anayetengeneza bidhaa awajibike na taka yake. Kwa hivyo zile fomu zetu ni ushahidi. Zingeweza kupelekwa kaunti, NEMA ile mamlaka ya mazingira ya taifa, hata kwa hizo kampuni zenyewe. Koodineta mpya alipoomba za nyuma aoanishe na za sasa, hakupewa, alijibiwa kwamba ziko kwenye mfumo. Mfumo gani? Sisi tuliozikusanya hatujawahi kuziona tena. Picha zetu lakini tunaziona, kwenye mabango na kalenda, mama mmoja alijikuta kwenye broshua ameinama na gunia, hakuulizwa, na mumewe akaja juu. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019. Watoto wa shule ndio kabisa, msiwapige picha bila ruhusa ya wazazi.

6. Usalama. Kwenye malengo kuna kitu kinaitwa doria ya usiku ya jamii. Volantia hana mamlaka ya kumkamata mtu. Anayekata mikoko usiku ana panga mkononi na pengine ni jirani yako, kesho mnakutana msikitini. Kazi yetu ni kuona na kutoa taarifa, wa kukamata wana sare. Halafu glavu. Ufuoni tunaokota mpaka sindano za hospitali, na glavu mlizoleta ni zile nyembamba za saluni. Kisanduku cha huduma ya kwanza hakuna, mwenzetu alichomwa na samaki taa mguuni akabebwa na bodaboda kwa pesa ya mchango. Koodineta alitoa ya mfukoni mwake, na sidhani mlimrudishia.

Sasa najua majibu yenu, maana mengine tumeshayasikia kwa kuzungukazunguka.

Mtasema koodineta bado mgeni, tumpe muda. Tunampa. Nyinyi ndio hamumpi, karatasi ya malengo ilianza kuhesabu tangu siku ya kwanza.

Mtasema nafasi ilitangazwa wazi na watu wa hapa hawakuomba. Ilitangazwa ndiyo, kwenye tovuti, kwa Kiingereza, ikitaka digrii na miaka ya uzoefu wa ofisini. Vijana wetu wawili watatu waliopiga mbizi tangu utotoni na wanajua kila tundu la mwamba hawakuwa na cheti cha kuambatanisha. Sisemi kwamba kazi lazima iwe ya mtu wa hapa, huyu dada si wa hapa na tumemkubali. Nasema hata msaidizi wa kutoka kijijini hamkumwekea, wala hakuna volantia mmoja aliyekaa kwenye usaili kumuuliza hata swali moja kuhusu bahari.

Mtasema hii ni kazi ya kujitolea, asiyeridhika aache. Hilo ndilo linaniumiza zaidi. Tukiacha, ufuo hauondoki, bado tutakuwa hapa tunaishi nao, mtakaokosa ripoti ni nyinyi. Na msichanganye mtu anayefanya kazi bure na mtu asiye na neno. BMU yetu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, inachagua viongozi kwa kura, kanuni zake zipo tangu 2007, watu wamezoea kukaa baraza na kuulizana maswali. Mpango wenu umeingia juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa na wenyewe.

Mtasema wafadhili wanataka namba. Basi wapeni namba za kweli. Miche iliyo hai. Mashimo ya kasa yaliyotoa watoto. Taa za hoteli zilizozimwa. Mfadhili mwenye akili atafurahi, na asiye na akili mleteni hapa siku ya bamvua tutembee naye kwenye tope, atarudi ameelewa.

Tunachoomba ni hiki. Mumtafute koodineta aliyeondoka, mumlipie nauli na siku zake, aje akae na huyu mpya ufuoni na sisi tukiwepo, wapitie kipande kwa kipande, na yote yaandikwe kwa Kiswahili kwenye daftari litakalobaki kijijini, nakala moja ofisini. Kiongozi mmoja wa bodi aje mwenyewe kumtambulisha kwa wazee, kwa BMU na kwa CFA, kwa utaratibu. Karatasi ya malengo irudishwe mezani, ratiba ya usafi ipangwe kwa jedwali la maji, na upandaji wa mikoko usimame kabisa pale mpaka CFA na watu wa misitu waseme wapi, lini na mti gani. Kanuni za wageni na kasa ziandikwe kabla mgeni mwingine hajaletwa. Hesabu zetu za nyuma tupewe, na koodineta naye apewe. Glavu za kazi, buti, kisanduku cha dawa, na bima ya ajali hata ile ndogo. Doria ya usiku ifutwe. Na koodineta apewe uwezo wa kusema hapana kwa ofisi pale bahari inaposema hapana, bila kuogopa kwamba mkataba wake utaisha.

Hilo la mwisho hakuniomba niliandike, wala hajui kama ninaandika barua hii. Msiende kumuuliza.

Sisi tutakaa baraza bandani kwa samaki, asubuhi ya bamvua la mwezi mpevu ujao, kuanzia saa moja asubuhi, kabla maji hayajapwa, tukimaliza tushuke wote ufuoni. Viti vitakuwepo. Mkija tutaongea, na chakula kipo, mimi mwenyewe nitakaanga. Msipokuja tutaanza bila nyinyi, na yatakayoamuliwa siku hiyo yatapelekwa kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, ofisi ya misitu na NEMA, na nakala kwa wafadhili wenu ambao majina yao yako mgongoni mwa tisheti zetu.

Wenu kwa heshima,

Mama karanga, kwa niaba ya volantia wenzangu waliotia sahihi ile barua ya kwanza iliyobaki kwa mlinzi.

Nakala: Kamati ya BMU. Kamati ya CFA. Wazee wa kijiji.